Sungura wa Abati: Ujangili na Kuvunja Mipaka Uingereza ya Zama za Kati

Ndugu zangu, leo naanza tena na sungura. Ujangili wa Uingereza ya kale ukitajwa, wengi humwona mkulima mwenye njaa, upinde mkononi, na ayala wa mfalme mbele yake. Picha hiyo imetuchelewesha sana. Mwacheni ayala kwanza.

Sungura huyu alienea Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa nchi mwaka 1066. Kwa muda mrefu alikuwa mali adimu, ghali kuliko kuku. Mabwana na watawa walimfuga kwenye ardhi ya kichanga isiyofaa nafaka, kama Breckland upande wa mashariki. Walimwinulia matuta ya udongo laini ili achimbe kwa urahisi, wakamlisha majani makavu wakati wa baridi, wakamwekea mlinzi. Mwenye hati ya mfalme ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwinda wanyama wadogo katika eneo lake. Mwingine akithubutu, faini pauni 10. Lakini sungura hajui mpaka. Alitoka akala shayiri ya jirani, kisha akarudi shimoni, na jirani aliyemfuata huko ndiye aliyeitwa mkosaji.

Tuelewane hapa, maana ndipo watu wanapojikwaa. Mnyama wa porini hakuwa na mwenyewe mpaka anaswe. Kwa hiyo kesi nyingi hazikuwa za wizi. Kosa lilikuwa kuingia, kuvunja uzio na kuwinda palipo na haki ya mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilitaka ufundi. Chombo kikuu kilikuwa fereti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, anayeingia shimoni na kuwafurusha sungura. Unakwenda kinyume cha upepo, bila kukanyaga kwa kishindo, kwa sababu sungura akihisi watu juu yake hatoki hata fereti akimfikia. Kila mdomo wa shimo unafunikwa wavu mdogo uliofungwa kwenye kigingi. Sungura akiugonga, unajikaza kama mfuko. Ukisahau tundu moja, kundi zima litapitia hapo. Fereti anafungwa mdomo kwa uzi. Asipofungwa ataua chini kwa chini, ashibe, alale palepale, nawe utabaki ama umchimbue kwa jembe ama umsubiri hadi kupambazuke na mlinzi afike. Anayenaswa anavunjwa shingo mara moja, kwani kilio cha sungura kinafika mbali. Njia ya pili ni wavu mrefu usiku wa giza wenye upepo: unatandazwa kimyakimya kati ya mashimo na malisho, kisha wenzako wanatembea kutoka upande wa malishoni wakiwaswaga. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja mwenye njaa. Ni kazi ya kundi lenye vifaa na siri.

Sasa twende mji wa St Albans, Juni 1381, wakati wa uasi mkubwa wa wakulima. Wenyeji wakiongozwa na William Grindcobbe walibomoa nyua na malango ya misitu ya abasia, yaani makao ya watawa chini ya mkuu wao, abati. Wakapeana matawi ya miti, kama watu walivyokabidhiana ardhi kisheria. Wakamkamata sungura akiwa hai, wakamfunga mjini kwenye mhimili wa kuadhibia wahalifu, iwe alama kwamba haki ya kuwinda sasa ni yao. Angalieni walichokifanya: hawakumla! Walitaka haki, wakamfanya sungura kuwa hati. Grindcobbe alinyongwa mwaka huohuo.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1390, Bunge likapitisha sheria. Mtu asiye kasisi mwenye ardhi ya mapato ya chini ya shilingi 40 kwa mwaka, na kasisi mwenye kipato cha chini ya pauni 10, hawakuruhusiwa kuwa na mbwa wa kuwindia, fereti, nyavu wala mitego. Adhabu, kifungo cha mwaka 1. Sababu zimeandikwa wazi: mafundi, vibarua na watumishi huenda kuwinda siku za ibada wakati Wakristo wema wako kanisani, na huko hufanya mikutano na njama. Kumnasa mtu gizani ni kazi ngumu, kwa hiyo sheria ikafuata vifaa vyake nyumbani. Na kama makasisi hawakuwa wakiwinda, kwa nini watajwe?

Najua swali linalokuja: mbona tunasikia watu walitobolewa macho? Hayo ni ya misitu ya mfalme, tangu William wa Kwanza, mfalme wa kwanza wa Kinormani. Hati ya Misitu ya 1217 ilisema mtu asipoteze uhai wala kiungo kwa ajili ya mnyama. Atozwe faini, na asiye na kitu afungwe mwaka 1 na siku 1.

Muda umekwisha na mabustani ya ayala, yaani maeneo yaliyozungushiwa uzio ya kufugia ayala wa kuwindwa, sijayagusa, na boma zake za mbao za mwaloni zenye handaki upande wa ndani ili mnyama asiruke nje. Niseme hili tu. Mwaka 1275 aliyevunja bustani ya namna hiyo aliwekewa kifungo cha miaka 3, pamoja na kulipa hasara. Mwaka 1293 ikaongezwa kwamba mlinzi, awe wa msitu, wa bustani au wa sungura, akipiga yowe na mvamizi akakataa kujisalimisha, akaendelea kupambana, basi akimuua hashtakiwi. Sheria hiyohiyo ililazimika kuwaonya walinzi wasiitumie kumuua mtu kwa chuki ya zamani.