Bingwa mmoja kasema upasuaji, mwingine mionzi: mgonjwa afuate lipi?

Mama zangu, dada zangu, na nyie ndugu mliowasindikiza, asanteni kwa kuja. Leo nina jambo moja tu. Mgonjwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Bingwa wa kwanza kamwambia atolewe kizazi, wa pili kamwambia aende mionzi. Nyumbani kila ndugu ana upande wake.

Kabla ya kuuliza nani mkweli, ulizeni hivi: hawa wawili wameuona ugonjwa uleule? Mara nyingi hapana. Mmoja amepima kwa mkono na utrasaundi, akakadiria uvimbe wa sentimita 3. Mwenzake ameona MRI, akakuta sentimita 5 na nyama za pembeni zimeshaguswa. Hapo wanatibu hatua mbili tofauti. Kwa mpangilio wa hatua wa mwaka 2018, uvimbe unaoonekana, usiotoka nje ya mlango wa kizazi na usiofika sentimita 4, ni hatua ya IB1 au IB2. Ukifika 4 ni IB3. Ukiingia nyama za pembeni ni IIB. Ukifika ukuta wa nyonga, au ukabana mirija ya mkojo hadi figo zikajaa, ni IIIB. Tezi za limfu za nyonga zikiwa na saratani, inakuwa IIIC hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo.

Kwa hiyo tafuteni kwenye kila karatasi: hatua gani, sentimita ngapi, na imejulikana kwa kipimo kipi. Karatasi isiyoandikwa hatua irudisheni ikajazwe. Na mnapokwenda kwa bingwa wa pili msibebe jibu la kinyama kilichokatwa kwa kipimo peke yake. Ombeni slaidi na bloku ya nta ambamo kinyama kimehifadhiwa, ili mtaalamu mwingine wa patholojia, yaani anayechunguza vinyama kwa darubini, asome mwenyewe. Picha za MRI au CT nazo ziwe kwenye CD.

Tuseme sasa hatua imekubalika na uvimbe uko chini ya sentimita 4. Hapa mgonjwa ana uchaguzi wa kweli. Jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 1997 lilionesha kuwa upasuaji mkubwa na mionzi vinakaribiana katika kuokoa maisha. Kinachotofautiana ni madhara. Upasuaji unaweza kuziacha ovari, lakini kibofu huweza kusumbua na miguu kuvimba. Mionzi huzima ovari na hedhi ikakoma, hubana uke, na hata miaka baadaye inaweza kuleta damu kwenye mkojo au choo. Kwa dada wa miaka 32 mwenye uvimbe wa sentimita 2.5, mimi naegemea upasuaji. Kwa bibi wa miaka 70 mwenye moyo dhaifu, mionzi.

Anayependekeza upasuaji muulizeni: "Daktari, kwa uvimbe huu, kuna uwezekano kiasi gani nitahitaji mionzi hata baada ya kupasuliwa?" Tezi zikikutwa na saratani, au nyama za pembeni zikiwa zimeingiliwa, au kingo za kilichokatwa zisiwe safi, atapelekwa mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani. Atabeba madhara ya vyote viwili. Ndiyo maana kuanzia sentimita 4 wengi wetu madaktari hatuanzi na kisu.

Muulizeni pia ni upasuaji gani. Kutoa kizazi kwa namna ya kawaida, kama anavyofanyiwa mwenye faibroidi, hakutoshi kwa uvimbe uliozidi sentimita 2. Na mkiambiwa ule wa matundu madogo ni wa kisasa zaidi, jueni kuwa utafiti wa mwaka 2018 ulikuta saratani hii ikirudi zaidi kwa waliofanyiwa hivyo kuliko waliofunguliwa tumbo.

Mpango mwingine unaopendwa: tuanze kemo, uvimbe upungue, kisha tupasue. Unavutia masikioni. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iliujaribu kwa wanawake 633, wa hatua ambazo leo tungeziita IB3 hadi IIB, na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Baada ya miaka mitano, asilimia 76.7 ya waliopewa mionzi na kemo kwa pamoja walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Kwa walioanza kemo kisha wakapasuliwa, 69.3. Idadi ya waliobaki hai ilikaribiana.

Mpango wa mionzi nao ukaguliwe. Uliokamilika una mionzi ya nje, kwa kawaida mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Dawa ya kemo iitwayo sisplatini kila wiki, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kisha mionzi ya ndani, inayopitishwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi. Yote yaishe ndani ya siku 56, kwani ikichelewa uwezo wa kuua uvimbe hushuka. Usiotaja mionzi ya ndani una pengo kubwa. Hospitali isipokuwa na mashine hiyo, rufaa iandikwe kabla ya kuanza. Sisplatini huumiza figo, hivyo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha hali ya figo, ipimwe kwanza. Anayetumia dawa za VVU zenye tenofoviri aseme, maana nayo hugusa figo na huenda ikabadilishwa.

Swali la dada pale nyuma: daktari wa kwanza hatakasirika? Hapana, hilo ni jambo la kawaida kwetu. Ombeni kesi ipelekwe kwenye kikao cha pamoja cha mabingwa wa upasuaji, mionzi na patholojia, na uamuzi uandikwe.

Na muda? Wiki mbili au tatu za kutafuta maoni, kwa kawaida, hazina shida. Anayetoka damu nyingi au aliyeziba mkojo asisubiri. Mionzi ikishaanza msihame hospitali katikati. Ikilazimu, msiondoke bila hati ya dozi zilizokwisha kutolewa na sehemu zilizopigwa, maana bila hiyo anayewapokea hawezi kuendelea kwa usalama.