Kwa Nini Muhogo Mchungu Huvundikwa

Wazee wangu na kina mama, shikamooni. Wanafunzi mliokaa mkekani hapo mbele, hamjambo? Nilipofika hapa Ujiji asubuhi, mama mmoja aliniuliza swali ambalo limenifanya niyaweke kando niliyoyaandaa. Kwa nini muhogo mchungu ukiliwa hivihivi unaweza kuua, lakini ukivundikwa siku tatu na kuanikwa unatupa ugali?

Jibu limo ndani ya seli. Wanga tunaoula huvunjwa kuwa glukosi, damu ikaipeleka kwenye kila seli. Huko sukari haiungui kwa mkupuo. Mawese yakimwagikia makaa, moto unaruka na joto lote linapotelea hewani. Seli huyaunguza mafuta hayohayo kwenye nyuzijoto 37, hatua kwa hatua, kila hatua na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi hiyo. Nishati inayopatikana hufungwa katika kemikali iitwayo ATP, na hiyo ndiyo misuli na ubongo hutumia. ATP hailimbikizwi. Mwilini ipo chini ya robo kilo, lakini huvunjwa na kuundwa upya mara nyingi mno, hata jumla ya siku moja ikakaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Akiba yetu iko kwingine: ini hutunza kama gramu 100 za glaikojeni, yaani wanga wa mwilini, misuli nayo ina yake, na sehemu kubwa ya akiba iliyobaki ni mafuta. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani bila kula, alfajiri anavuta wavu kwa nguvu za mafuta zaidi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye muhogo. Ndani ya seli mna vichumba viitwavyo mitokondria. Humo elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilizotolewa kwenye chakula hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, na kila zinaposhuka, chembe za hidrojeni husukumwa upande wa pili wa utando. Zikirudi kwa kishindo, kama maji ya mto Malagarasi yaliyozuiwa yakafunguliwa, huzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Mwingereza Peter Mitchell alilieleza hili mwaka 1961, wengi wakampinga. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi kila nikilifundisha bado linanisisimua.

Elektroni zikifika mwisho lazima zipokelewe, na mpokeaji ni oksijeni. Hiyo ndiyo kazi ya pumzi mnayovuta sasa hivi. Bila mpokeaji mstari wote unasimama: glukosi moja iliyokuwa ikitoa ATP kama 30 inatoa 2 tu.

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Seli zake zikipondeka, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, ikatoka sumu iitwayo sianidi. Sianidi hung'ang'ania protini ile ya mwisho, inayoikabidhi oksijeni elektroni. Mtu anakufa kwa kukosa pumzi ilhali damu yake imejaa oksijeni.

Kwa hiyo mama anayevundika muhogo anaiachia sumu nafasi ya kutoka: maji yanaulainisha, seli zinapasuka, sianidi inayeyuka majini, na juani inaruka hewani. Na dagaa kando ya ugali wana kazi yao. Mwili huigeuza sianidi kidogo iliyobaki kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi ukitumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini.

Mama yangu uliuliza pia: mwaka wa njaa, mtu akiwa hana siku tatu, afanye nini? Usikatishe siku za kuvundika. Lakini kama una unga usiouamini, changanya na maji, utandaze mwembamba kwenye beseni au mkeka safi, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga kitamalizia kazi na sianidi itatoka. Kisha usonge ugali siku hiyohiyo.