Mwanafunzi Haishi Ndani ya Geti

Wakubwa zangu, shikamooni. Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Vijana, hamjambo?

Nimeambiwa nina dakika arobaini, na kwamba feni ile ya kushoto ikianza kugonga tuizime tuvumilie joto. Sisi watu wa Tanga joto tumezaliwa nalo, kwa hiyo naanza.

Kilichonileta ni simu ya mwenyekiti wenu. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, divisheni wani, na nyumbani hakulaliki. Mama anataka Dar es Salaam kwa sababu ana mdogo wake Tabata. Baba anataka Nairobi. Kijana mwenyewe ana orodha aliyoitoa kwenye intaneti ya miji bora ya kusomea duniani, na kila jioni anaiweka mezani kama hati ya kiwanja. Mwenyekiti akaniuliza: "Kaka, hivi miji hupimwaje kwa vyuo?" Nikamjibu nitakuja niseme mbele za watu, maana jibu la simu litamaliza salio lako.

Mimi si profesa. Nimekaa maktaba za vyuo miaka ishirini na kitu. Mkutubi hafundishi wala hasahihishi mitihani, kazi yake ni kukaa karibu na mlango. Na mtu wa mlangoni anaona vitu ambavyo mkuu wa chuo havioni: nani anaingia, nani anarudishwa, nani anasinzia saa tano usiku kwa sababu alikokwenda kupanga hakuna umeme.

Tuanze na hizo orodha, tuzimalize. Moja iliyotikisa dunia ilitoka Shanghai mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Jiao Tong. Wachina walitaka kujua vyuo vyao viko mbali kiasi gani na vya wenzao. Wakaweka vipimo. Kuanzia toleo la mwaka uliofuata, asilimia 30 ya alama zilitokana na tuzo: wangapi waliosoma hapo, na wangapi wanaofundisha hapo, wamepata Nobel au medali ya Fields ya hisabati. Nyingine 20 zilikwenda kwa makala katika majarida mawili tu, Nature na Science. Kipimo cha kama mwanafunzi alifundishwa vizuri darasani hakikuwamo. Cha kama alipata kiti maktaba, hakikuwamo. Ndiyo orodha ambayo marais walianza kuitaja kwenye hotuba.

Ufaransa ilipigwa butwaa. Paris, mji wa Sorbonne, na hakuna chuo cha Ufaransa hata kimoja ndani ya 50 bora! Kisa chenyewe ni hesabu. Baada ya ghasia za wanafunzi za 1968, Chuo Kikuu cha Paris kilivunjwa, na kufikia 1970 vikawa vyuo 13 vyenye namba kama mabasi: Paris 1, Paris 2, mpaka 13. Juu ya hapo, wanafunzi hodari wengi huko huenda kwenye shule ndogo za kuchujana, na watafiti wengi wameajiriwa na taasisi ya taifa ya utafiti. Akili ilikuwa imejaa mjini, ila imegawanywa mafungu mafungu kama dagaa sokoni, na Shanghai ilikuwa inapima fungu moja moja. Wafaransa wakaanza kuunganisha. Mwaka 2020 Paris-Saclay, kusini mwa mji, ilipoingia kwenye orodha ile kwa mara ya kwanza ikakaa nafasi ya 14. Nazidisha kidogo nikisema walibadilisha kibao tu, maana kazi ya kuunganisha ni ngumu na fedha nyingi zilimwagwa. Lakini wale wanahisabati waliokuwepo jana ndio waliokuwepo na leo.

Sasa angalieni. Mwaka uleule wa 1970, na sisi tulikuwa tunavunja chetu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa Juni 1963, mkuu wake Mwalimu Nyerere, na kilikuwa kimoja chenye miji mitatu. Kampala ilikuwa na udaktari na kilimo. Nairobi uhandisi na udaktari wa mifugo. Dar es Salaam sheria. Kijana wa Tanga akitaka kuwa mhandisi alipanda basi kwenda Nairobi bila baba kugombana na mama. Miaka 7 baadaye kila nchi ikachukua chake. Sina ugomvi na uamuzi ule. Kila nchi ilitaka madaktari wake na wahandisi wake, na ilikuwa haki yake. Ninachosema ni kwamba miji hii mitatu ni ndugu waliogawana urithi, na ukiwalinganisha usisahau waliwahi kula sahani moja.

Kampala kwanza, maana ndiyo kaka mkubwa. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, useremala na ujenzi na makanika. Mwaka 2011 wanafunzi wa hapohapo wakatoa gari la umeme la watu wawili, Kiira EV. Mnaona ufundi ulivyosubiri karibu miaka tisini. Lakini leo nataka mkitazame kilima cha pili. Makerere iko juu ya kilima, na kinachotazamana nayo ni kilima cha Mulago, chenye hospitali kuu. Mtu anatembea kwa miguu kutoka darasani hadi wodini. Kwa sababu ya ukaribu huo, mwaka 1957 kilitokea kitu ambacho dunia nzima inakisoma.

Daktari wa watoto wa Mulago alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, Muailandi, amwangalie mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, anachungulia dirishani, anaona nje mtoto wa kike ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka, akampima, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Mmoja ni ajali, wawili si ajali. Alirudi Kampala, na hapa ndipo mji ulipofanya kazi yake: palikuwa na kumbukumbu. Idara ya patholojia ya Makerere ilikuwa imeanza daftari la wagonjwa wa saratani tangu 1951. Burkitt akafunua majalada, akakuta watoto wengine wengi. Mwaka 1958 akaandika makala. Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu, akachukua madaktari wawili, wakazunguka wiki 10, maili kama 10,000, kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnauona ugonjwa huu? Wakakuta unafuata joto na mvua, kunakokaa malaria.

Haijaisha. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali moja ya London, Middlesex. Ulikuwa mhadhara kama huu wetu, nadhani na feni yao ilikuwa nzima. Tangazo lilibandikwa. Mtafiti wa hapohapo hospitalini, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na virusi vya kuku, akaliona tangazo, akaingia kusikiliza. Tangu siku hiyo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na kwa karibu miaka miwili hakuna kilichoonekana. Desemba 1963 ndege moja ikageuzwa Manchester kwa ajili ya ukungu. Kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa na ukungu vilevile, mtu mwingine angekitupa akidhani kimeoza. Walipotazama waliona ni chembe hai za uvimbe zinaelea na kuzaana. Kwa hizo, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Burkitt hakupata Nobel. Kwa vipimo vya Shanghai, kwenye zile asilimia 30 za tuzo, kazi ya Mulago ilizaa sifuri.

Ndiyo maana mimi napima mji kwa kutazama mwanafunzi anaweza kuvuka kwenda wapi. Kutoka darasani kwenda wodini, kwenda mahakamani, kwenye karakana, kwenye maktaba ya jirani, kwenye mhadhara wa mtu asiyemfundisha. Anavuka kwa dakika ngapi, kwa nauli gani, na nani anamzuia njiani.

Kwa kipimo hicho Nairobi ni tajiri. Chuo kikuu kimekaa katikati ya mji. Ukitoka unakutana na ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza. Ukitembea kidogo uko maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, na ukiendelea uko kwenye nyaraka za taifa. Shule ya udaktari iko hospitali ya Kenyatta. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alichukua shahada yake ya uzamivu hapo 1971, akafundisha anatomia ya mifugo hapo, na mwaka 1989 serikali ilipotaka kupandisha jengo la ghorofa 60 Uhuru Park naye akapinga, bustani ile haikuwa kitu cha kusoma gazetini. Ilikuwa ng'ambo ya barabara chache tu. Ila geti likiwa katikati ya mji, ghasia za mji nazo ziko getini, na makomredi, yaani wanafunzi wa chuo cha Nairobi, watakueleza moshi wa kutoa machozi unavyoingia bwenini bila hodi. Kodi za vyumba nazo, mama, kaa chini kwanza ndipo uulize.

Dar es Salaam yetu. Watu wanasahau kwamba nayo ilianzia mjini kati. Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, kitivo cha sheria kilifunguliwa Mtaa wa Lumumba ndani ya jengo la TANU. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji, wakati huo ni pori na mikorosho. Kilima kile kikamleta mwanahistoria Walter Rodney kufundisha na Yoweri Museveni kusoma. Kikatoa na kitu kisichoingia kwenye orodha yoyote ya Shanghai: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Mimi nakitaja kila ninapopewa kipaza sauti, mnisamehe.

Leo mji umekifuata chuo mpaka kilimani. Lakini vyuo vyenyewe vimetawanyika. Wa Mlimani, yaani kilima kile, akitaka kumwona mwalimu wa chuo cha udaktari Muhimbili, daladala hadi Ubungo, mwendokasi hadi Fire, halafu kwa miguu, na kama ni saa mbili asubuhi basi siku imekwisha. Hilo la foleni wengi wenu mnalijua. Kuna jingine nililishuhudia mwenyewe.

Palikuwa na binti, mwaka wa tatu, chuo jirani na chuo nilichokuwa nikifanya kazi. Ujirani wenyewe ukirusha embe linafika. Alikuja Ijumaa akitaka tasnifu ya zamani kuhusu udongo wa bonde la Msimbazi. Kwao haipo, kwetu ipo. Mlinzi akamwambia alete barua ya utambulisho. Jumatatu akaja na barua, haina muhuri. Muhuri umefungiwa kabatini, karani ana funguo, karani yuko msibani Morogoro. Jumatano akarudi, barua ina muhuri mpaka umevujia upande wa pili. Akaingia saa tatu asubuhi. Fotokopi ya tasnifu ilikuwa marufuku, kwa hiyo akanakili kwa mkono, majedwali yote, mpaka saa kumi na moja jioni. Hakutoka kula. Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mjomba," akaondoka akifinyafinya vidole.

Kanuni ile ya barua na muhuri niliiandika mimi. Niliiandika mwaka wangu wa pili kazini, baada ya kuibiwa vitabu vitatu. Mlinzi alikuwa anafuata karatasi yenye sahihi yangu.

Kwa hiyo Dar ikiwa na vyuo vya ardhi, vya udaktari, vya fedha, vya usafirishaji, kwa kuhesabu mabango tu inaizidi miji mingi. Kwa binti yule, siku zile tano, ilikuwa na chuo kimoja tu, chake.

Nimebakiwa na dakika za maswali. Mama pale nyuma. Ndiyo, bumu, yaani hela za mkopo wa wanafunzi, huchelewa, mpe mtoto hela ya kuanzia miezi miwili, na usimwambie dada yako wa Tabata kwamba umempa. Kijana mwenye shati la bluu: ndiyo, kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, kupo miji yote mitatu, hakuna mji unaosamehe.

Mzee, swali lako silisikii, hebu tuzime hiyo feni... Anauliza wangu mwenyewe nimempeleka mji gani kati ya hii mitatu.

Wangu yuko Mbeya, mzee. Alijaza fomu mwenyewe, mimi nilikuwa kazini.