Jirani, Toka Humo!

HEMEDI: Karibuni tena barazani. Sauti hii mnayoisikia inakwaruza si mafua.

MWANAHAWA: Ni kelele za usiku.

HEMEDI: Ni kumwita Jirani, dada. Tangu Jumatatu sijalala.

MWANAHAWA: Wape mwanzo wake, maana ukianzia hapo watadhani umegombana na mtu.

HEMEDI: Nilikaribia. Kile kitoto cha mbwa nilichowaahidi wanangu kimefika kutoka Pongwe, kina wiki 9. Tukakaa kutafuta jina. Kitinda mimba wangu, mnamjua, akasema aitwe Jirani kwa sababu atalala nje karibu na sisi. Wenzake wakapiga makofi, jina likakaa. Sasa usiku wa kwanza, saa nane, Jirani yumo kizimbani analia. Natoka na tochi: "Jirani, nyamaza, watu wamelala!" Ananyamaza. Nikijilaza tu, anaanza. "Wewe Jirani umenichosha! Jirani, nitakuhamisha!"

MWANAHAWA: Na ukuta wako na wa yule mzee ni mmoja.

HEMEDI: Tofali moja ndilo limetugawa. Alfajiri mzee katoka msikitini, kasimama mlangoni kwangu, kwa upole kabisa: "Hemedi mwanangu, kama redio yangu inakukera, si ungeniambia mchana?"

MWANAHAWA: (anacheka) Ya Rabi!

HEMEDI: Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kizimba. Hakuamini mpaka mbwa alipotoa pua.

MWANAHAWA: Na fundi seremala alikuuliza nini ulipompa vipimo?

HEMEDI: "Mbwa ameshtakiwa kwa kosa gani?"

MWANAHAWA: Basi hapo ndipo pa kuanzia. Wengi tukisikia kizimba tunaona mahakama. Mbwa aliyefundishwa vizuri, pale ni chumbani kwake. Miaka ile nalea mbwa wa watu Raskazone, nilikuwa na mmoja, radi zikianza anaingia humo mwenyewe, anajikunja, analala. Mlango uko wazi. Wako alikaa na mlango wazi siku ngapi kabla hujaufunga?

HEMEDI: Siku? Nilimshusha kwenye bodaboda nikamtia ndani.

MWANAHAWA: Kaka Hemedi! Juzi kalala kabanana na mama yake na ndugu zake, leo yuko peke yake gizani kwenye mbao zinazonuka vanishi. Kwa nini asilie? Siku tatu nne za mwanzo mlango ukae wazi. Chakula akilie humo. Mtupie dagaa mmoja mmoja, aingie, atoke. Uwachemshe kwanza wapungue chumvi. Halafu ufunge dakika moja nawe umekaa hapo hapo. Kesho tano. Na ufungue akiwa kimya. Ukifungua analia, umemfundisha kwamba kilio ndio ufunguo.

HEMEDI: Na akililia mkojo?

MWANAHAWA: Hilo umeuliza vizuri. Wa umri wake habani mkojo usiku kucha. Hesabu ya wafugaji ni hii: chukua miezi yake, ongeza moja, hizo ndizo saa. Wa miezi 2, saa 3, hazidi hapo. Kwa hiyo wewe ndiye wa kutangulia. Tega alamu, mtoe kabla hajalia, akikojoa msifu, mrudishe. Mchezo usiwepo.

HEMEDI: Mimi nilikuta amekojoa pembe hii, kalala pembe ile.

MWANAHAWA: Kwa sababu kizimba chako nimekiona, kinaenea mbuzi wawili. Kinatakiwa asimame, ageuke, ajinyooshe, basi. Kikizidi anajigawia vyumba, huku choo, huku kitanda. Weka ubao katikati, uusogeze kadiri anavyokua. Na mkojo pafute kwa siki, harufu ikibaki atarudia pale pale. Wale wa kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wa saa nzima iliyopita, nawaomba muache. Haunganishi. Anachojifunza ni kuiogopa mikono yako.

HEMEDI: Sijamsugua. Nilimtaja jina tu kwa ukali.

MWANAHAWA: Na jina nalo umeliharibu hivyo hivyo. Kwake "Jirani" si jina, ni mlio. Kila ukitoka huo mlio anaangalia kinachofuata ni nini. Wiki nzima kinachofuata ni tochi machoni na kelele. Kesho ukimwita kwa mapenzi atakimbilia uvunguni. Jina liwe na dagaa nyuma yake kila mara. La kukemea tafuta neno jingine.

HEMEDI: Basi nimbadilishe jina nipatane na mzee.

MWANAHAWA: Siku chache tu atashika jipya, hasa likiwa fupi. Ila usifanye kama bibi yangu.

HEMEDI: Bibi wa Pangani? Ee, hebu!

MWANAHAWA: Bibi alikuwa na ugomvi na mama mmoja nyumba ya pili, ugomvi wa mpaka wa minazi. Hawasemeshani. Akachukua mbwa, akamwita Mtachoka. Kila jioni anatoka uani na sahani ya makombo: "Mtachoka! Mtachokaaa! Njoo mwanangu!"

HEMEDI: Kanga yenye miguu minne!

MWANAHAWA: Mwezi haujaisha, yule mama naye kaleta mbwa. Unajua kamwitaje? Hatuchoki.

HEMEDI: (anacheka sana) Acha! Acha kwanza nipumue.

MWANAHAWA: Magharibi ikifika ni huku Mtachoka, kule Hatuchoki, mtaa mzima umekaa kimya unasikiliza. Na wale mbwa wenyewe walipendana, wakalala pamoja chini ya mnazi ule ule wa ugomvi.

HEMEDI: Kuna msikilizaji wa Korogwe alitutumia sauti, mbwa wake anaitwa Deni. Mwenye duka alimpigia simu, mtoto akapokea akasema, "Baba yuko nje, Deni limemshinda, limemvuta mpaka barabarani."

MWANAHAWA: Na yule wa Muheza, mbwa wake Mgeni! "Mgeni kala kuku wa shemeji!"

HEMEDI: Nyumba nzima ikakaa kikao, nani kamleta huyo mgeni! Kule kwetu Mwambani palikuwa na mmoja anaitwa Naja. Mwenyewe akimwita, wewe husikii jina, unasikia mtu anasema anakuja, na haji.

MWANAHAWA: Naja ni jina zuri! Silabi mbili, na linaishia na "a" ya kuvutika. Mwite huyo wako Naja.

HEMEDI: Watoto wamekataa. Nilijaribu jana, mdogo akalia. Jirani ni Jirani.

MWANAHAWA: Basi mzee avumilie.

HEMEDI: Mzee sasa anaitika kwa makusudi. Namwita mbwa, yeye kule ng'ambo ya ukuta: "Labeka!" Tumetumia dakika ngapi?

MWANAHAWA: Nyingi. Tulipanga maneno ya kumwamrisha mbwa, "kaa", "njoo" na "acha", hata moja hatujaligusa.

HEMEDI: Kabla ya hayo nina langu. Huyu simfugi kwa mchezo. Akitimiza miezi 5 anaingia bandani asubuhi, anatoka saa nne usiku kulinda.

MWANAHAWA: Saa 16 ndani?

HEMEDI: Ndivyo tunavyofuga hapa. Mwaka jana walinivunjia, unajua. Yule mbwa niliyekuwa naye alizoea kila mtu, muuza samaki, muuza mkaa, watoto wa mtaa. Wezi wameingia, anawatingishia mkia. Baiskeli mbili zikaenda, na cherehani ya mke wangu.

MWANAHAWA: Nakumbuka, na pole tena. Lakini niliyoeleza leo yote ni ya kulala usiku na saa mbili tatu za mchana. Saa 16 ni kifungo. Na banda lako ni la bati, kaka. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Joto la Tanga la Februari chini ya bati linaua.

HEMEDI: Bati nitatoa, nitaezeka makuti. Hilo nakubali. La kumfungia mchana sikubali.

MWANAHAWA: Tangu wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ndipo mbwa anajifunza kitu gani duniani ni cha kawaida. Wako yumo katikati ya wakati huo sasa hivi. Asipoona watu, kila mtu kwake ni adui. Mmoja wa namna hiyo mtaani kwetu geti lilisahauliwa wazi, akamng'ata mguu mtoto aliyekuwa anakwenda madrasa. Mimi ndiye niliyemwosha, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku ile ile, sindano juu ya sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu haponi. Mbwa mwenyewe hakuwa na chanjo.

HEMEDI: Wangu atachanjwa akifika miezi 3, nimeshaongea na bwana mifugo. Na lile ni kosa la geti.

MWANAHAWA: Ni kosa la malezi! Mbwa anayejua watu wa kawaida ndiye anayemtambua asiye wa kawaida, saa tisa usiku, juu ya ukuta.

HEMEDI: Wangu alijua watu. Alimjua mpaka mwizi. Wewe usiku ule hukuwepo, dada. Mke wangu mpaka leo akisikia kopo limeanguka anashtuka.

MWANAHAWA: Nami mtoto yule nilimshika mguu.

(kimya)

HEMEDI: Mm.

MWANAHAWA: Unasikia? Adhana ya Magharibi.

HEMEDI: Basi kaa, njoo na acha...

MWANAHAWA: Kipindi kijacho, tukijaaliwa. Leo usiku mlango wazi, dagaa ndani, na ubao ule usisahau.

HEMEDI: Nitaweka. La banda sijakubali.

MWANAHAWA: Wala mimi. Zima, tukaswali.