Homa ya Wiki ya Tatu: Madhara Makubwa Baada ya Moyo Kutibiwa kwa Katheta

Ndugu waganga na wauguzi mliotoka Kongwa, Bahi, Chamwino na hapa Dodoma mjini, pamoja na jamaa wa wagonjwa mlioitikia mwaliko huu, nimeombwa nizungumzie madhara makubwa yanayoweza kumpata mtu aliyetibiwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni, kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye dhara moja, kwa sababu hilo ndilo litakalofika zahanati kwenu kabla halijamfikia daktari bingwa.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huanzia kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Tangu hapo mabingwa hupitisha mirija myembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, wakaunguza kwa joto au kugandisha kwa baridi kali nyama inayozunguka midomo ya mishipa hiyo, ili kovu lifunge njia ya umeme uliopotoka.

Madhara ya saa za mwanzo nitayapita upesi. Damu huweza kuvuja kinenani. Takriban mgonjwa 1 kati ya 100 hupata damu katika mfuko unaouzunguka moyo, shinikizo likaporomoka hadi inyonywe kwa sindano. Na wachache zaidi hupata kiharusi. Haya ni mazito, lakini kwa kawaida hutokea mgonjwa angali mikononi mwa waliomtibu.

Sasa tuje kwenye lile lenyewe. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umelala nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, na kati yao pana milimita chache tu. Joto likipenya ukuta wa moyo, umio hupata kidonda ambacho, kwa mgonjwa asiyefikia 1 kati ya 1,000, huendelea kuchimba hadi kikatoboa tundu kati ya umio na moyo, vijidudu na hewa vikaingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Zaidi ya nusu ya wanaopatwa hufariki, na wasiofanyiwa upasuaji karibu wote hawaponi.

Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani kwa treni kutoka Dar es Salaam, kinena kimepona, na familia imeshukuru. Anapata homa na kutetemeka, kifua kinauma, akimeza anasikia maumivu. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na katika mkoa wetu ambao malaria ni haba jambo hilo halimshangazi mtu. Anaandikiwa dawa za taifodi na kurudishwa nyumbani. Siku chache baadaye mkono mmoja unalegea, na sasa inasemekana ni kiharusi cha presha. Nawasihi: kila mwenye homa aulizwe kama ametibiwa moyo katika miezi miwili iliyopita, na hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, swali hilo lisiachwe.

Akijibu ndiyo, asile wala asinywe chochote, aanzishiwe antibayotiki za mshipa, timu iliyomtibu ipigiwe simu, na apelekwe haraka penye CT skani ya kifua. Skani ya kwanza ikiwa safi na dalili zikiendelea, irudiwe. Jambo moja lisifanywe kamwe: asipitishiwe kamera ya kuchunguza tumbo, wala mpira wa kulishia puani, kwa maana hewa inayosukumwa na kamera hupita kwenye tundu hadi moyoni na ubongoni, na mgonjwa huweza kufa palepale mezani.

Kwa wenzetu wa kliniki za kifua kikuu nina ombi pia. Mishipa ya mapafu iliyounguzwa huweza kusinyaa miezi kadhaa baadaye, mgonjwa akakohoa damu na kuishiwa pumzi. Makohozi yakipimwa na kukosekana vimelea, kabla ya kumwanzishia dawa za miezi sita, mwulizeni habari za moyo wake.

Dawa ya kuzuia damu kuganda nayo isikatizwe kwa angalau miezi miwili ya kwanza, hata mapigo yakitulia, kwa sababu ukuta uliounguzwa huvutia mabonge ya damu; na anayetumia warfarini aendelee kupimwa INR, yaani kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, hukuhuku anakoishi.