Nyundo Imegonga, Hela Haijaingia: Madau Hewa na Wanunuzi Wanaoingia Mitini Kwenye Minada ya Mtandaoni

Habari za jioni. Mliosimama nyuma, viti bado vipo huku mbele, msione haya.

Tuanzie Paris, tarehe 25 Februari 2009. Christie's, kampuni kubwa ya minada, wananadi mali za marehemu Yves Saint Laurent, mbunifu wa mavazi, na ndani yake mna vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, vilivyoporwa kwenye kasri la wafalme karibu na Beijing mwaka 1860. Mshindi, aliyekuwa kwenye simu, alifikisha takriban euro milioni 15.7 kwa kila kichwa, ada ikiwemo. Siku chache baadaye Mchina mmoja, Cai Mingchao, akaita waandishi wa habari na kusema mshindi ni yeye na halipi hata senti, kwa sababu dau lile alilitoa kwa uzalendo. Novemba 2010, katika mnada mdogo huko Ruislip, magharibi mwa London, chombo cha kauri cha Kichina kiligongewa nyundo kwa pauni milioni 43. Mnunuzi hakulipa. Kikaja kuuzwa baadaye kimyakimya, kwa mtu mwingine na kwa bei nyingine.

Wale waliokuwa wakinadi ni watu wenye mawakili, wenye uwezo wa kudai kitambulisho, barua ya benki na amana kabla hujanyanyua mkono. Sasa wewe na simu yako na saa moja ya babu, au sarafu moja, mtawezaje? Mtaweza, lakini kazi kubwa inafanyika kabla mnada haujafunguliwa. Ukisubiri tatizo litokee, mengi utakuwa umechelewa.

Jioni hii mfano wetu utakuwa mmoja: sarafu ya tembo ya Tabora. Rupia 15 za dhahabu, 1916. Wajerumani wamezingirwa baharini na Waingereza, sarafu hazifiki, basi wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu robo tatu. Nimeichagua kwa sababu inauzwa kwa maelfu ya dola, bandia zake ni nyingi, na wanaoitafuta wako Ujerumani, Marekani na Uingereza, si hapa mtaani. Kwa hiyo huuzwa mtandaoni, na mara nyingi eBay, lile soko la minada la mtandaoni.

Ni lazima kwanza tuelewane dau linavyofanya kazi pale, maana hapo ndipo hila zote zinapopenya. Mnunuzi hatangazi bei yake. Anauandikia mfumo kikomo chake kwa siri, nao unampandishia kidogokidogo, ukionyesha kiasi kinachotosha tu kumpita anayemfuata. Hatua zimepangwa: bei ikiwa kati ya dola 1,000 na 2,499.99 unapanda kwa dola 25. Kati ya 2,500 na 4,999.99 kwa dola 50. Kuanzia 5,000 kwa dola 100.

Chukueni wakusanyaji wawili wa kweli. Mmoja kikomo chake ni dola 2,400, wa pili 2,900. Sarafu itauzwa 2,425. Bei safi kabisa. Sasa waingie wateja hewa wawili, yaani wasio na nia ya kulipa, mmoja ameandika 5,000, mwenzake 6,000. Mnada utafungwa kwa dola 5,100. Muuzaji analala akiota bati na simenti, na asubuhi hakuna anayejibu ujumbe. Yule wa kweli wa 2,900 sasa ni wa tatu kwenye orodha, na keshaona bei ilivyoruka. Anahisi wewe ndiye uliyepandisha. Mnunuzi asiyelipa hakuachi pale alipokukuta: anakuachia kitu kilichoungua. Ukikirudisha mnadani wiki ijayo, wakusanyaji watauliza mbona kimerudi, kina kasoro gani. Na katika sarafu adimu wakusanyaji ni wachache, wanajuana.

Mtu huandikaje dau la dola 6,000 asilolipa? Wapo watoto wanaochezea simu ya mzazi. Wapo waliolewa sifa, wakatulia asubuhi. Wapo wauzaji washindani wanaotaka kukuharibia. Wapo waliovamia akaunti ya mtu mwingine, na hao ndio wabaya, kwa sababu nia yao ni kukuvuta nje ya jukwaa. Halafu wapo wanaolinda dau la mwenzao, na hawa inafaa tuwakalie kidogo.

Mchezo wao unahitaji watu watatu, au akaunti tatu. Wa kwanza anaweka dau dogo mapema, tuseme dola 900. Wa pili na wa tatu wanaweka madau ya kutisha, dola 7,900 na 8,000. Kila anayekuja na kikomo cha 1,500, 2,000, 2,400, anakuta bei imeshampita mbali. Anakata tamaa, anakwenda zake. Karibu na mwisho wale wawili wanayachomoa madau yao kwa kisingizio kwamba walikosea kuandika sifuri. Ikiwa hakuna mwingine aliyezidi dola 900, bei inaporomoka na mwenzao anaondoka na sarafu kwa bei ya karanga. eBay waliweka kizuizi: zikibaki zaidi ya saa 12, mtu akichomoa dau, madau yake yote kwenye kitu hicho yanafutika, ndani ya saa 12 za mwisho anaweza kuchomoa dau la mwisho tu, na liwe halijatimiza saa moja. Kwa hiyo tazameni mnada wenu kabla ya saa 12 za mwisho kuingia. Ukiona bei imeruka mara mbili ghafla kwa mtu asiye na historia, usishangilie.

Historia hiyo inasomwaje? Fungua orodha ya madau. Ukigusa jina unapata muhtasari wa siku 30: ametoa madau mangapi, kwenye vitu vingapi, asilimia ngapi ni kwa muuzaji huyu, na amechomoa mara ngapi. Mtu aliyechomoa madau mara nne ndani ya mwezi si mtu wa kukosea sifuri. Mtu mwenye alama sifuri aliyetoa madau ya maelfu kwenye saa, kompyuta, pikipiki na sarafu siku moja, si mkusanyaji. Mkusanyaji ana njia yake. Utamkuta kwenye sarafu za koloni la Kijerumani, labda na stempu. Na msimshuku anayejitokeza sekunde tano za mwisho. Huyo ni mnunuzi hodari tu. Dau hewa mara nyingi huja mapema na kwa mfululizo, likinusa kikomo cha mwenzake kiko wapi.

Kosa la kawaida ni kuangalia asilimia ya sifa, yaani ya maoni mazuri aliyoandikiwa mtu. Mtaona mtu ana asilimia 100 mkaridhika. Tangu Mei 2008 muuzaji haruhusiwi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya. Asilimia 100 ya mnunuzi haina maana yoyote. Angalia idadi, umri wa akaunti, na maoni aliyowaandikia wengine. Mtu mgomvi huonekana kwa maandishi yake mwenyewe.

Ukimtilia shaka, mwandikie kupitia mfumo, kwa adabu: "Asante kwa dau lako. Naomba unithibitishie kwamba umesoma masharti ya malipo na usafirishaji." Wa kweli hujibu. Asipojibu ndani ya siku moja, futa dau lake, muuzaji ana haki hiyo, kisha mweke kwenye orodha ya waliozuiwa. Fanya vyote viwili. Ukifuta bila kuzuia, atarudi baada ya dakika kumi. Na kabla ya mnada wenyewe, ingia kwenye mipangilio ya wanunuzi: zuia wenye rekodi ya kutolipa, zuia nchi usizotuma mzigo. Ni dakika tano.

Tuseme yote umefanya na bado hakulipa. Mnunuzi ana siku 4 za kalenda. Siku ya pili mkumbushe mara moja, bila matusi. Siku 4 zikipita, futa oda kwa sababu inayosema mnunuzi hajalipa. Narudia, kwa sababu hapa watu wengi huteleza: yule bwana atakuandikia, "Samahani sana, nimepata msiba, naomba ufute." Ukichagua sababu ya kwamba mnunuzi ameomba kufuta, hana alama yoyote kwenye rekodi yake, na kesho anamwumiza mwingine. Chagua iliyo ya kweli. Ada ya mauzo utarudishiwa.

Baada ya hapo una njia mbili. Unaweza kumpelekea aliyemfuata ofa ya pili, ambayo mfumo hutumia dau lake mwenyewe la juu. Katika mfano wetu aliyefuata ni hewa mwenzake, basi usihangaike naye. Nenda kwa yule wa 2,900. Ila ujue kwamba ataona anadaiwa kikomo chake chote wakati bila wale hewa angelipa 2,425. Akikataa, usimlaumu. Njia ya pili ni kunadi upya, na hapo mimi ningengoja wiki tatu au nne, nipige picha mpya, na niandike wazi kwamba mnunuzi wa kwanza hakulipa.

Kuna malipo ambayo si malipo. Akaunti mpya imeshinda, imelipa hapo hapo, kisha unapata ujumbe: "Tafadhali tuma kwa binamu yangu, anwani hii." Usitume. Kinga ya muuzaji iko kwenye anwani iliyo ndani ya oda, basi. Kama ni kweli amehama, futa oda, arekebishe anwani, alipe upya. Kuanzia dola 750 mzigo lazima usainiwe na mpokeaji. Bila saini, akidai hajapata, huna hoja. Na kadi iliyoibwa hailalamiki siku hiyohiyo. Mwenye kadi anaweza kupinga muamala miezi kadhaa baadaye, wakati sarafu iko mbali.

Kwetu huku, wanaonadi kwenye magrupu ya WhatsApp, hila ni nyepesi zaidi na zinauma vilevile. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi: umeandikwa vizuri, lakini umetoka kwenye namba ya mtu badala ya jina la huduma, au salio lililotajwa halilingani na lako. Usisome ujumbe, angalia salio. Kisha kuna anayesema "nimezidisha, nirudishie tofauti", kumbe hakutuma kitu. Na hata aliyetuma kweli, Kenya anaweza kuupeleka ujumbe wake kwenye namba 456 akiomba muamala urudishwe. Kwenye grupu omba amana kabla ya kumkubali mtu kwenye mnada, asilimia 10 ya bei ya kuanzia si nyingi, na urudishe siku hiyohiyo kwa walioshindwa. Msimamizi akichelewesha amana, grupu linakufa.

Nina karatasi mbili za maswali. Ya kwanza inauliza: "Je, naweza kumwomba shemeji aanzishe dau ili mnada usilale?"

Hapana. Hilo ni dau hewa kama yale mengine, tofauti ni kwamba hili lako. Mei 2000 mchoro uliodhaniwa kuwa wa Richard Diebenkorn, mchoraji maarufu wa Marekani, ulianza eBay kwa senti 25 ukafika dola 135,805. Ikagundulika muuzaji alikuwa amejitolea dau mwenyewe kwa akaunti nyingine, mauzo yakafutwa, na Machi 2001 watu watatu wakashtakiwa Marekani kwa kupandishiana bei kwa akaunti zaidi ya 40. Uingereza, mwaka 2010, mahakama ya Bradford ilimpiga mtu faini ya pauni 5,000 na saa 250 za kazi za jamii kwa mchezo huohuo. Kama unaogopa mnada utalala, weka bei ya kuanzia unayoweza kuimeza. Kwa sarafu yetu, zidisha 7.168 kwa 0.75, unapata gramu 5.376 za dhahabu halisi. Piga bei ya dhahabu ya siku hiyo, usianzie chini ya hapo. Shemeji apumzike.

Ya pili: "Mnunuzi amelipa, amepokea, siku kumi baadaye anasema ni bandia, anairudisha. Nitajuaje aliyorudisha ni yangu?"

Swali zuri, na jibu lake linaanzia siku ya kupiga picha. Sarafu hii ina aina mbili, zinazotofautishwa na ncha ya pambo lililo chini ya neno OSTAFRIKA: kwenye moja inaishia chini ya T, kwenye nyingine chini ya A. Piga picha ya hapo kwa karibu, pamoja na ukingo na kila mkwaruzo. Ipige ikiwa juu ya mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Kama iko kwenye kasha lililofungwa na wakaguzi wa sarafu, namba ya kasha ionekane. Rekodi video ya ufungaji bila kukata, tangu sarafu iko mezani hadi lebo inabandikwa. Kifurushi kikirudi, usikifungue kwa furaha ukiwa peke yako jikoni. Kipime kingali kimefungwa, washa kamera, ndipo ukate. Ikiwa ncha ya pambo imehama kutoka T kwenda A, au mizani inasoma 6.9, toa taarifa siku hiyohiyo kabla hujarudisha fedha. Una siku 2 za kazi tangu kifurushi kifike, na huhesabiwa hata kama uko msibani.