Gari la Japani na Matairi ya Theluji: Jinsi ya Kuyatambua na Kununua Yanayofaa kwa Bei Nafuu

Karibu, mtazamaji. Gari hili lililoegeshwa hapa Nakuru limetoka Japani, na ukiyatazama matairi yake kwa mbali yanapendeza: meno marefu, raba nyeusi, hakuna kipara hata kimoja. Muuzaji atakuambia hayo ni ya kukaa miaka mitatu. Usikubali bado. Chuchumaa uangalie ubavuni.

Hatua ya kwanza ni kusoma maandishi. Kamera ikisogea hapa chini ya jina la kampuni, unaona neno STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Mengine hayana neno hilo ila yana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Huo hupewa tairi lililojaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake zisikutishe, kwa sababu mtengenezaji huziandika bila jaribio lolote, na utazikuta kwenye matairi mengi ya pikapu.

Zamani Wajapani walifunga matairi yenye misumari ili yashike barafu. Misumari ikachimba lami, vumbi likajaa mijini, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Tairi lililochukua nafasi yake lina raba laini sana, na kila jino limekatwakatwa mikato myembamba kana kwamba wembe umepita. Sasa tazama kidole changu. Nikilisukuma jino hili kwa kidole gumba linalala upande, na mikato inafunguka kama kurasa za kitabu. Lile tairi la kawaida kando yake halitikisiki.

Ulaini huo ndio dawa ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani chenye baridi kali. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, tairi la kawaida hukakamaa na hili huendelea kushika. Lakini mchana wa Kisumu hufika nyuzi 28 au 29, na lami yenyewe ina joto zaidi. Hapo meno yanalala kila unapokanyaga breki, usukani unakuwa mzito kuitika kwenye kona, na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, hasa lami ikiwa na maji. Fikiria mteremko wa Kericho kwenda Awasi, mvua inanyesha, na lori la miwa limesimama mbele yako. Raba hiyo pia huisha upesi kwenye joto, kwa hiyo hata ile miaka mitatu ya muuzaji hutaiona.

Na mvua ya mawe ya Kericho na Nandi Hills? Kweli hufanya barabara nyeupe, lakini huyeyuka baada ya muda mfupi. Punguza mwendo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, usikanyage breki kwa ghafla. Haihitaji tairi la theluji.

Hatua ya pili: jua saizi na uzito. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kwenye nguzo. Tuseme kimeandikwa 195/65R15 91. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, ringi ni inchi 15, na 91 maana yake kila tairi hubeba kilo 615. Namba hiyo ya mwisho wengi huipuuza, na ndiyo inayopasua matairi ya Probox zinazobeba viazi kutoka Molo. Nenda juu yake ukitaka, chini yake kamwe. Herufi inayofuata namba hiyo ubavuni mwa tairi ni mwendo wa juu kabisa: matairi mengi ya theluji ya Japani yana Q, kilomita 160 kwa saa, na ya kawaida huwa na S, T au H.

Kibandiko hicho kinaonyesha pia upepo, ila kwa kipimo cha kPa, na mashine ya upepo ya kituo cha petroli husoma kwa kipimo cha PSI. Gawanya kwa 6.9. Kwa hiyo 230 ni PSI 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda na utadanganyika.

Hatua ya tatu ni umri. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kama upande wa nje hauna tarakimu hizo, inama uangalie upande wa ndani. Lililopita miaka sita tuliache, hata meno yakiwa marefu. Raba huzeeka hata tairi likiwa limelala stoo.

Sasa pesa, na hapa tukae kidogo. Tairi jipya la gari dogo huja na meno ya milimita 8 hivi. Vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, vya kuonyesha tairi limekwisha, viko kwenye milimita 1.6, lakini kwa mvua zetu badilisha yakifika 3, kwa kuwa chini ya hapo maji hayatoki upesi na gari huanza kuelea. Kwa hiyo tairi jipya linakuuzia milimita 5. La mtumba lenye 5 linakuuzia 2 tu. Kama jipya ni shilingi 7,000, hilo la mtumba halistahili kuzidi 2,800. Chomeka kijiti cha kiberiti mfereji wa katikati, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula ya shule. Rudia kwenye kingo zote mbili.

Ukiamua la mtumba, mwambie fundi alitoe kwenye ringi kabla ya kulipa. Pitisha mkono ndani. Ukitoka na unga mweusi wa raba, tairi hilo liliendeshwa bila upepo na ubavu wake umekufa, hata kama nje linang'aa. Kataa pia lenye uvimbe, kiraka cha ubavuni, au mifereji iliyochongwa upya kwa kisu cha moto. Lililochongwa utalijua kwa kingo zisizonyooka na nyuzi zinazoanza kuchungulia chini.

Meno gani? Anayekaa kwenye lami kati ya Nakuru na Eldoret achukue tairi la kawaida lenye mifereji mipana inayozunguka. Anayeingia Kuresoi au udongo mweusi wa Kano anahitaji meno yaliyoachana ili matope yatoke yenyewe, na asiongeze upana: tairi jembamba huzama hadi kwenye udongo mgumu, pana huteleza juu. Kwa siku chache za tope zito, minyororo ni nafuu kuliko seti nzima. Ifunge kwenye magurudumu yanayosukuma gari, usizidi kilomita 40 kwa saa, uifungue ukifika lami.

Kama pesa zinatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Mafundi wengi watakubishia kwamba gari linavutwa na mbele. Wasikilize kwa heshima, kisha shikilia hapo hapo: mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari linarudi, nyuma ikiteleza gari linazunguka. Na usichanganye mawili ya theluji na mawili ya kawaida.

Yakishafungwa, fanya balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyo hiyo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, chukua spana uzikaze tena nati za magurudumu kwa mpangilio wa nyota, yaani ukitoka nati moja unaruka kwenye ya upande wa pili.